Lala Kama Umepakwa Hina

Mtoto akitapika asubuhi kabla hajatia kitu tumboni, halafu akishatapika anainuka anacheza kama hakuna kilichotokea, usikubali kuambiwa ni minyoo. Naanza na hilo kwa sababu sisi tuliambiwa ni minyoo. Tukarudi, tukaambiwa ni minyoo tena. Tukarudi, ikawa amiba. Mara ya mwisho yule bwana wa kliniki alimtazama mamangu, akamwambia, "Mama, huyu mtoto amedeka tu. Wambeba sana."

Mdogo wangu Maimuna alikuwa na miaka mitano. Alikuwa na uvimbe ndani ya kichwa, upande wa nyuma, juu kidogo ya shingo. Hakuwa amedeka.

Mimi naitwa Lutfia. Nimemaliza Kidato cha Nne, nakaa mtaa wa Kibokoni na wazazi wangu, bibi yangu mzaa mama, na Maimuna, tunayemwita Muna. Si daktari na sitajifanya daktari. Naandika kwa sababu tulipoanza sikupata mtu wa kunieleza mambo haya kwa lugha ya nyumbani, na nilikasirika, na hasira haijanitoka. Kama una mtoto au mjukuu aliyeambiwa anahitaji kemo na mionzi ya kichwa, nakuandikia wewe. Muna yuko hai. Saa hizi yuko ukumbini anagombana na paka. Nakwambia mapema ili usisome moyo ukiwa juujuu.

Dalili zilikuwepo, ila kila moja ilikuwa na maelezo yake. Alikuwa akitembea kwenye vichochoro vyetu huku amegusa ukuta kwa mkono, na sote tukidhani ni mchezo. Jicho moja lilianza kwenda pembeni, Bibi akasema litarudi, hata mamangu alipokuwa mdogo lake lilikwenda likarudi. Kisha siku moja akaanguka kwenye ngazi za nyumbani, ngazi anazozipanda tangu anatambaa, na akabaki pale chini akinitazama mimi kama mimi ndiye niliyemsukuma.

Hospitalini daktari mmoja kijana alimwambia atembee kwa kufuata mstari wa vigae. Alikuwa akimtania, anamwita bibi harusi. Muna alipokwenda hatua chache akapinda kama mtu aliye kwenye mashua, yule daktari aliacha kutania. Tukapelekwa kupigwa picha ya kichwa.

Majibu alipewa Baba. Nasema alipewa Baba kwa sababu daktari mkubwa alizungumza naye kwa Kiingereza, wima, kwenye korido, na Mama amesimama hapo hapo katikati yao na mtoto mgongoni. Maneno yalipita juu ya kichwa chake. Baba ni karani bandarini, Kiingereza anakijua, lakini siku ile alikuwa akiitikia tu kwa kichwa. Nikamwambia daktari, "Samahani, mama wa mtoto ni huyu. Mwambie na yeye." Akanitazama. Baba akanibana mkono. Lakini daktari akamwambia Mama, kwa Kiswahili, na ilibainika kuwa Kiswahili anakijua vizuri sana. Kwa nini hakuanza nacho, mpaka leo sijui.

Alipasuliwa. Walitoa sehemu kubwa, wakaacha kipande, kwa sababu kilikuwa kimekaa karibu na mahali panapoongoza pumzi. Kile kipande ndicho kilichobaki kuwa shughuli yetu. Kwanza kemo, dawa kali inayopitishwa mshipani, ili kukidhoofisha. Baadaye mionzi, iliyolengwa pale pale tu, isiguse kwingine.

Tuliporudi nyumbani Bibi alituita chumbani kwake, akafunga mlango. "Hili jambo lisitoke," alisema. "Tusimtie mwana midomoni mwa watu. Mtu akiuliza, yuwaumwa homa."

"Homa gani ya kunyolewa kichwa, Bibi?"

"Homa kali."

Mama na Baba wakakubali. Kwa Bibi hii ilikuwa ndiyo kinga yenyewe: uzuri wa Muna ulishatazamwa na macho mabaya, na ugonjwa ukishajulikana utatazamwa tena. Basi nikawa mimi ndiye mwenye kazi ya kusema homa. Dukani, homa. Madrasa, homa. Homa isiyoisha, mwezi juu ya mwezi.

Unajua siri ile ilitufanyia nini? Mtaa umejaa majirani ambao wangekuja kumpikia Mama, kumfulia, kumwambia nenda ukalale kidogo. Hakuna aliyekuja, maana nani anapikiwa kwa sababu ya homa? Na jirani yetu Bi Zena, mtu mzuri, alikuwa akituletea wajukuu wake waje "wamchangamshe" Muna. Mmoja alikuja na kikohozi. Muna alikuwa ametoka kwenye kemo, damu yake imeshuka, mwili hauna wa kuupigania. Tulilazwa. Bi Zena hakuwa na kosa. Angejuaje, na sisi tumemwambia homa?

Kemo ya kwanza ilikuwa wakati wa joto la kaskazi, pale ambapo hata kuta zinatoka jasho. Chumba cha kungojea kina mabenchi marefu na televisheni isiyo na sauti. Unafika mapema, unaambiwa ngoja damu ipimwe. Damu ikipimwa, unaambiwa ngoja daktari aione. Daktari akiiona, unaambiwa dawa haijachanganywa. Mtoto ana njaa, ana hofu, na mtu anapita na karatasi mkononi bila kukutazama. Mimi sina tabia ya kungoja. Niliinuka kuuliza, nikarudishwa kuketi, nikainuka tena.

Pale ndipo tulipompata Mama Kevo, anayekaa mtaa wa Tudor, mume wake anafanya kazi reli. Mwanawe alikuwa mbele yetu kwenye matibabu. Mara ya kwanza alinitazama nikienda na kurudi, akasema, "Wewe msichana, umeajiriwa hapa?"

"Nauliza tu."

"Ukiuliza pale mbele utajibiwa ngoja. Uliza yule wa nyuma anayechanganya dawa. Na mtoto umletee nguo yenye vifungo mbele, usimvuevue kila wakati. Na ndimu. Mnusishe ndimu wakati dawa inaingia."

Hayo matatu yalitufaa kuliko yote tuliyoambiwa pale mwanzo. Ndimu hasa. Dawa ilikuwa ikimletea Muna ladha ya chuma mdomoni, na harufu ya samaki ikawa haiwezekani. Nyumba nzima ya Kibokoni tukaacha kukaanga samaki. Baba akawa anakula samaki wake nje kama mwizi.

Mwili wake ulibadilika mbele yetu. Nywele zilizokuwa zimeanza kuota baada ya kupasuliwa zilianguka tena. Aliziona kwenye mto, akaniuliza, "Lutfi, mwazipeleka wapi?" Nikamwambia zitarudi. Akasema, "Sikuuliza zitarudi lini." Vidonge vya kupunguza uvimbe vilimfurisha mashavu mpaka macho yakawa madogo, na vikamtia njaa isiyo ya kawaida. Viazi karai asubuhi, viazi karai jioni. Na hasira. Mtoto aliyekuwa akicheka kwa kila kitu alinitupia sahani kwa sababu nilimpa kiazi kilichokatika. Ukiona hivyo kwa mtoto wako, ni dawa. Hakuna aliyetuambia, na Mama alilia akidhani amemharibu kwa malezi.

Mionzi ilianza Ramadhani ikielekea mwisho. Walimtengenezea barakoa: plastiki yenye matundu, wanailainisha kwenye maji moto, wanaibandika usoni mpaka inashika umbo. Inafungwa kwenye kitanda ili kichwa kisisogee hata kidogo, maana mionzi imelengwa mahali padogo sana. Na kwa vile mtoto mdogo hatulii, kila siku anapewa dawa ya usingizi. Kila siku, isipokuwa siku za mapumziko. Na kwa ajili ya usingizi, asile wala asinywe chochote tangu usiku.

Walisema asile wala asinywe. Kwa nini asile, hawakusema. Lishike hilo.

Ramadhani ilikuwa rehema ndogo ambayo sikuitambua mpaka ilipoondoka. Asubuhi hakuna aliyekuwa akila. Muna alikuwa akiamka nyumba haina harufu ya chakula, akijiona mtu mzima anayefunga na wenzake. "Na mimi nimefunga," alimwambia Sista Mwende, yule dada wa chumba cha mashine. Sista Mwende ni Mkamba, Mkristo, lakini alimjibu vile vile inavyotakikana: "Mungu akukubalie."

Kisha ikaja Idi. Hospitali walikuwa wamekataza hina, kwa sababu kile kidude cha kupima hewa ya damu wanachokibana kidoleni wakati wa usingizi hakisomi vizuri kwenye kucha iliyoiva hina. Sawa. Lakini jaribu kumweleza hivyo mtoto wa miaka mitano ambaye wasichana wote wa mtaa wamekuja kumwonyesha mikono. Bibi yangu alikuwa fundi wa hina zamani, maharusi wa mji huu wengi wamepita mkononi mwake. Na mjukuu wake akawa ndiye wa mikono mitupu. Muna aliificha mikono ndani ya kanzu yake mpya mchana kutwa.

Baada ya Idi asubuhi zikarudi zilivyokuwa. Mahamri, mbaazi, chai ya maziwa inachemka jikoni kwetu na kwa kila jirani. Muna, na ile njaa yake ya vidonge, alikaa mlangoni akilia bila sauti, machozi tu yanashuka kwenye yale mashavu. Mama alimfunika pua kwa mtandio. Baba alitoka mapema asimuone.

Siku hiyo daktari wa usingizi aliuliza kama kawaida, "Amekula au kunywa chochote?"

Mama akasema hapana.

Wakamwingiza. Mlango haukuwa umefungwa vizuri, nikaona. Alianza kulala, kisha kifua kikaruka, akatapika maji ya manjano. Daktari akamgeuza ubavu, wakaleta mpira wa kunyonya matapishi, mtu akaniona, akausukuma mlango. Lakini harufu ilishanifikia. Marashi ya waridi na zafarani. Na mimi nikajua: kombe.

Kama hulijui kombe, ni aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikasuuzwa kwa maji na marashi, mgonjwa akanywa. Bibi huliandikisha kwa mwalimu wa madrasa, halafu hutia na asali.

Nilifika nyumbani kabla ya Mama, yeye amebaki wodini. Bibi alikuwa amekaa kitandani na tasbihi.

"Bibi, ulimpa nini Muna asubuhi?"

"Sikumpa kitu."

"Bibi."

"Nilimpa kombe. Kombe si chakula. Ni maneno ya Mungu na mai."

"Na asali."

"Kidogo. Yuwalia njaa yule mwana, nyinyi mwamtazama tu. Nani amkataze mtoto dua?"

"Yale maji yamemwingia mapafuni. Akilala kwa ile dawa tumbo linarudi juu na yeye hawezi kukohoa. Ndiyo maana wakasema asinywe. Angekufa, Bibi, pale pale, mdomoni ana kombe lako."

Alivuta leso yake juu ya kichwa akageukia ukuta. Na nilipokuwa nimesimama pale, nikaona kwamba sentensi ile niliyomwambia, ile moja ya tumbo kurudi juu, nilikuwa nimeisikia mimi mwenyewe saa ile ile, kwa muuguzi, baada ya mambo kuharibika. Wiki zote zile hakuna aliyeona haja ya kuisema. Unamwambia mwanamke mzima "asile asinywe" kama unamwambia askari, halafu unashangaa akiamua mwenyewe ni kipi kinywaji na ni kipi dua. Mwambie kwa nini. Angeelewa. Anaelewa mambo magumu kuliko hayo.

Muna akapata homa ya mapafu. Daktari wa usingizi akasema hamlazi tena mpaka kifua kisafike, na hiyo huenda ikachukua wiki kadhaa. Daktari wa mionzi akasema wiki kadhaa hatuna. Mionzi ikikatizwa katikati, kile kipande kinapata nafasi ya kujijenga, na huenda kazi yote ya nyuma ikawa bure. Walibishana mbele yetu kwa adabu sana.

"Basi asilazwe usingizi," nikasema. "Alale macho."

"Watoto wa umri huu hawawezi," akasema daktari wa mionzi. "Yuko peke yake chumbani, mlango umefungwa, uso umebanwa. Watu wazima wengine hushindwa."

"Mmemuuliza?"

"Nani?"

"Yeye mwenyewe."

Mama akasema, "Lutfia." Lakini hakusema acha.

Daktari akasema ataruhusu jaribio moja homa ikishuka. Akitikisika, wanasimamisha, na tutangoja kifua. Jaribio moja. Nilitamani kumuuliza nani alimpa yeye jaribio moja tu katika maisha yake.

Sista Mwende ndiye aliyekuja kitandani kumweleza. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akamshika Muna mguu. "Utalala chali. Utavaa barakoa yako. Sisi tutatoka, lakini tutakuona kwenye televisheni. Mashine itazunguka, italia zzz. Wewe hujitikisi mpaka nije."

"Hata pua ikiniwasha?"

"Hata pua ikikuwasha."

"Hata nikitaka kukojoa?"

"Utakojoa kabla."

Muna akafikiri. "Kama hina," akasema.

Sista Mwende akanitazama. Mama alikuwa ameshaweka mkono mdomoni, anacheka au analia, sikujua. Nikamweleza Sista: ukipakwa hina ya harusi unalala mikono imetandazwa, miguu imetandazwa, na hutikisiki mpaka ikauke. Nzi akitua usoni, anafukuzwa na mwenzako. Wasichana wa kwetu wanajifunza hilo kabla ya kujua kusoma.

"Basi ndiyo hivyo hivyo," akasema Sista Mwende. "Kama hina. Na safari hii kile kidude cha kidoleni hatukihitaji sana. Kapakwe."

Homa iliposhuka wakaturuhusu twende nyumbani kwa siku chache, kujitayarisha. Bibi tangu siku ile alikuwa haongei na mtu, anakula chumbani kwake. Muna alisukuma mlango wake bila hodi. "Bibi, nipake hina. Ya harusi, si ya kitoto."

"Mikono yangu yatetemeka siku hizi."

"Mimi sitatetemeka. Wewe tetemeka tu."

Nikasikia Bibi anacheka. Sauti ile sikuwa nimeisikia tangu kabla ya Idi.

Tulifanya mazoezi ukumbini, mkekani. Bibi alichora polepole, maua makubwa, mistari inakwenda upande, akikosea anaifanya kuwa jani. Kwa barakoa tulitumia kawa, lile la ukindu la kufunikia sinia. Tukamfunika nalo uso.

"Lanuka wali," akasema Muna chini yake.

"Nyamaza. Bibi harusi hasemi," Bibi akasema.

"Na akisikia njaa?"

"Analishwa baadaye. Bwana harusi mwenyewe angoja."

"Bwana harusi ni nani?"

"Ni paka," nikasema. "Nyamaza."

Kazi yangu mimi ilikuwa kuwa mashine. Nilizunguka nikipiga sinia kwa mwiko, nikaangusha sufuria, nikavuma. Baba alirudi kazini akanikuta navuma, akasimama mlangoni na viatu mkononi. Alikaa kwenye kiti akamtazama binti yake amelala chini ya kawa, vidole vimetanuliwa, kimya, na mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze nikamuona Baba anafuta macho mbele yetu.

Lakini Bibi ndiye aliyegundua kilichobaki. Kila aliponyamaza, Muna alianza kuchezesha vidole vya miguu. Akiongea, Muna anatulia. "Huyu ataka kusikia mtu," akasema. "Hofu yake ni upweke, si mashine."

Siku yenyewe tulikwenda sote. Bibi alivaa buibui lake la kutokea. Nilimwambia Sista Mwende, mbele ya yule daktari, kwamba bibi wa mtoto anahitaji kipaza sauti, kile wanachotumia kusemea mle chumbani. Nilikuwa nimejitayarisha kwa ugomvi, maneno yote nilikuwa nimeyapanga tangu nyumbani. Sista Mwende akavuta kiti. "Kaa hapa, Mama. Bonyeza hiki ukisema." Ugomvi wangu wote ukanibaki kooni.

Mlango ulifungwa. Ule mlango ni mnene, unafunga taratibu, na unaposhika kuna taa inawaka. Kwenye skrini Muna alikuwa mdogo sana, uso mweupe wa plastiki, mikono miwili iliyoiva rangi imetandazwa pembeni kwa utaratibu.

Bibi akabonyeza. "Bismillahi. Haya, mwanangu, naanza. Naanza na kidole gumba. Natia nukta. Natia nukta ya pili. Sasa navuta kikonyo, chashuka, chashuka, kimefika kwenye mstari wa mkono. Usikivunje. Sasa naenda kwenye kiganja, ni ua, lina majani..."

Mashine ikaanza kuzunguka. Nilitazama vidole vya miguu. Bibi hakuitazama skrini hata mara moja, alikuwa amefumba macho, na mkono wake wa kulia ulikuwa unachora kwenye meza ya hospitali, jani kwa jani. Haukuwa unatetemeka. Alimaliza mkono mmoja, akaenda wa pili. Daktari alisimama nyuma yetu amekunja mikono. Mama alikuwa ameshika nguo yangu kwa nyuma, kama mimi ndiye mtoto.

Mashine ikanyamaza. Sista Mwende akaangalia vipimo vyake, akaangalia tena. Akamgusa Bibi begani.

"Imekauka," Bibi akamwambia Muna. "Waweza kuinuka."

Alipotolewa alikuwa na alama za wavu mashavuni na amekasirika. "Bibi, umesahau kidole kidogo," akasema. "Cha kushoto."

Hatukukosa hata siku moja baada ya hapo. Siku ya pili asubuhi, kabla ya kutoka, Bibi alipiga simu kwa Sista Mwende, nikamshikia mimi. Sauti yake ilikuwa kavu. "Sasa halazwi usingizi. Naweza kumpa kombe langu, ama kuna sheria nyingine?"

"Mpe, Mama," Sista akasema. "Mpe na mahamri."

Yule daktari wa mionzi sasa, nasikia, huwauliza watoto kwanza. Vizuri. Lakini natamani angeuliza kabla ya mdogo wangu kuingiwa na maji mapafuni.

Sitakudanganya kuhusu yaliyofuata. Ngozi nyuma ya sikio lake ilibabuka ikawa kama ganda la muhogo. Alilala sana kwa majuma. Nywele za pale kisogoni hazijarudi sawa, na sikio moja halisikii kama zamani. Mvua za masika zilipoanza tulipigwa picha nyingine: kile kipande kimesinyaa, hakijaondoka. Wanasema watakitazama. Kila tukienda kukitazama, nyumba nzima inaacha kuongea.

Jioni moja, baada ya picha hiyo, tulikwenda ufukweni, Mama Ngina, kula mihogo. Watu walikuwa wengi. Muna amevua mtandio, joto, na kile kichwa chake cha mabaka kiko wazi. Bi Zena akatokea na mfuko wa karanga, akasalimiana na Bibi masalkheri nyingi nyingi, halafu akamtazama Muna.

"Alhamdulillahi, ile homa imekwisha?"

Mama alifungua mdomo. Bibi alikuwa amekwisha kuinua mkono kumkinga mtoto na mtandio.

"Haikuwa homa," Muna akasema, mdomo umejaa muhogo. "Nilikuwa na uvimbe kichwani. Nikipigwa mionzi. Nililala kama nimepakwa hina."

Nilingoja Bibi amnyamazishe. Bi Zena naye hakusema subhanallah wala kumpapasa mtoto kichwa. Alikaa kwenye ukuta wa bahari, polepole, mfuko wa karanga magotini.

"Alianza vipi?" akauliza.

"Alikuwa akitapika asubuhi," Mama akasema.

"Kabla ya kula?"

"Kabla ya kula."

"Mjukuu wa dadangu, kule Kuze," Bi Zena akasema. "Kila asubuhi. Wamwambia ni minyoo."

Nilimtazama Bibi, na kila neno nililokuwa nalo kuhusu ile homa yake lilikuwa tayari ulimini, miezi yote ile ya kusema homa na nyumba ya dadake Bi Zena iko mitaa miwili tu kutoka kwetu. Sikulisema. Alikuwa ameshaliona mwenyewe. Mtandio wa Muna ulikuwa bado mkononi mwake, hakumfunika nao.

"Tangu lini?" akauliza Bibi.

Bi Zena alianza kukumbuka, ilikuwa kabla ya maulidi, au ni baada, ngoja kwanza. Bibi hakungoja. Alikwisha kusimama, anafunga buibui, ananiashiria nisimamishe tuktuk.

"Utakumbukia njiani," akamwambia. "Inuka, Zena. Twende sasa hivi."